Mvua Inatupita Nasi Tuna Kiu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wenzangu jambo nililoliona tangu nilipotoka shuleni hapa kwenda chuo kikuu mjini Kampala.

Tulisomea katika jengo jipya la ghorofa nne, lenye vioo upande wote wa magharibi. Kwa uzuri, lilipendeza kweli. Lakini alasiri ya kwanza nilitambua kosa lake. Jua lilipiga vioo, joto likatuzidi, mwalimu akavuta mapazia. Giza likaingia, taa zikawashwa mchana kweupe, na mashine ya kupoza hewa ikanguruma hata tusimsikie vema. Basi umeme ulilipiwa mara mbili: kwanza kuondoa joto, pili kurudisha nuru tuliyopewa bure na Mungu.

Juma lile lile mabomba ya bweni yalikauka siku tatu, na mvua inanyesha! Maji yalitiririka kutoka paani yakachimba korongo kando ya njia, nasi tumesimama barazani na madumu, tukingoja maji ya kununua. Wengine walikosa chakula cha jioni kwa sababu ya dumu moja.

Hebu tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 500, likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 10,000, yaani madumu 500 ya lita 20. Hata yakipotea kiasi, yanayobaki yatosha kufulia na kusafishia vyoo siku nyingi. Kinachotakiwa ni mifereji ya paa na tangi.

Najua wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya vyuo vyenye fedha. Sikubali. Sisi tu karibu na ikweta. Jua la adhuhuri halipiti mbali na utosi mwaka mzima. Kwa hiyo kuta ndefu zikielekea kaskazini na kusini, na paa likitokeza kidogo, madirisha hupata kivuli na upepo. Kugeuza mchoro kabla ya kuchimba msingi ni kazi ya kalamu na karatasi. Kugeuza jengo lililokwisha simama ni kazi isiyowezekana.

Sipingi mitambo mipya. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka juu ya mapaa yake mitambo ya umeme wa jua ya kilowati 600 mwaka 2014, nacho chastahili sifa. Lakini jengo lililokosewa tangu mwanzo litakula umeme wa jua kama linavyokula mwingine.

Wenzangu tuliomaliza, mara nyingi twaombwa mchango wa jengo, nasi twatoa bila kuuliza. Tangu leo tuulize maswali matatu: Madirisha yataelekea wapi? Maji ya paa yatakwenda wapi? Nani atazima taa watu wakitoka? Nanyi mlio madarasani, pimeni paa la bweni lenu kwa kamba, mfanye hesabu ile, kisha mpelekeeni Mwalimu Mkuu jibu lake kwa adabu.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe hatujakinga.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani