Saa ya Mheshimiwa na Vijana wa Mai Mahiu

Katika mwezi wa Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha hawakuusoma mswada pekee. Waliisoma pia mikono ya viongozi wao. Picha za waheshimiwa zilikuzwa hadi saa ikaonekana, kisha bei yake ikatangazwa. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili, mafuriko yalikuwa yameshuka kutoka upande wa Kijabe na kuua zaidi ya watu 40 karibu na Mai Mahiu. Katika nchi yenye msiba kama huo, hasira ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, tuliukodolea macho mkono uliovaa saa, tukaisahau mikono iliyoiunda.

Wako wakusanyaji wa saa ambao hawababaishwi na dhahabu wala almasi. Wengi wao huzisifu saa za Glashütte, mji mdogo wa Saxony nchini Ujerumani. Uso mweupe, akrabu nyembamba, jina la mtengenezaji, basi. Tangente, iliyotolewa na Nomos mwaka wa 1992, haimwambii jirani lolote kuhusu mfuko wa mwenyewe. Hata zile za A. Lange & Söhne, ambazo bei yake hufika makumi ya maelfu ya dola, zimewekewa nakshi nyingi upande wa nyuma, ambao mvaaji huuona anapoivua tu. (Ni fedha nyingi mno kwa chombo ambacho Mswahili akikitazama, bado itambidi ahesabu tofauti ya saa sita!)

Lakini chanzo cha sifa hiyo ndicho kinachostahili kujadiliwa madarasani. Glashütte ulikuwa mji wa migodi uliofukarika. Mwaka wa 1845, Ferdinand Adolph Lange alianza kazi huko kwa mkopo wa serikali ya Saxony, akiwa na jukumu la kuwafundisha vijana 15 uundaji wa saa. Mji ulipigwa mabomu mwaka wa 1945, kiwanda cha Lange kikataifishwa mwaka wa 1948, na jina lenyewe likatoweka sokoni. Kitukuu chake, Walter Lange, alipoifufua kampuni mwaka wa 1990, aliwakuta wenyeji wangali na ustadi ule, kwa kuwa walikuwa wameendelea kuunda saa katika kiwanda cha dola.

Mai Mahiu nako kuna mikono. Malori ya kwenda Naivasha na Narok hayakatiki, na vijana huziba magurudumu na kufungua injini kwa ufundi waliojifunza kwa kutazama, bila cheti wala mwalimu. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Sheria pia inataka wananchi washirikishwe bajeti inapoandaliwa. Wanafunzi wa Nakuru na walimu wao wangefika katika vikao hivyo na kuuliza: mwaka huu, vijana wangapi wa Mai Mahiu wametengewa fedha za kufundishwa ufundi?