Wewe soma tu

Mzee mmoja wa hapa Dar es Salaam alitujia miezi michache iliyopita akiwa na simanzi. Binti yake alikuwa amehitimu shahada ya sheria, pilau imekwisha kuliwa na majirani wamekwisha kumwita wakili. Siku ya tatu baada ya mahafali, baba akamuuliza: "Mama, kazi unaanza lini?" Binti akainamisha kichwa. "Baba, mimi bado si wakili. Kuna shule nyingine." Mzee akadhani anafanyiwa mzaha. Kiwanja cha Chanika kilikwisha kuuzwa kwa ajili ya ada, wala hakikubaki kingine cha kuuza.

Binti hakusema uongo. Anayetaka kuwa wakili wa Tanzania Bara, baada ya shahada hupitia taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, afaulu mitihani yake, ndipo akubaliwe na Jaji Mkuu. Sheria iliyoianzisha taasisi hiyo ni ya mwaka 2007. Si jambo la siri. Kilichotusikitisha zaidi ni kwamba binti alilijua tangu mwaka wa tatu wa masomo, akaona haya kumwambia baba yake.

Nako kwingine hali haitofautiani sana. Mhasibu ana mitihani ya bodi, daktari ana mwaka wa utarajali, mhandisi ana usajili wake.

Sisi wazazi hatuwezi kujivua lawama. Wengi wetu tulikulia zama ambazo mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na Serikali, na ushauri wa nyumbani ulikuwa mmoja: "Wewe soma tu." Ulitosha kwa wakati ule. Leo hata mwalimu huomba nafasi na kushindana na wenzake, nasi tungali tunautoa ushauri ule ule.

Enyi vijana mlioanza chuo mwaka huu, msingoje mwaka wa mwisho. Wala msikimbilie kumuuliza mkurugenzi aliyeajiriwa miaka thelathini iliyopita, maana mlango alioingilia yeye umekwisha kufungwa. Mtafuteni aliyehitimu juzi juzi. Mwulizeni alikaa nyumbani miezi mingapi, alilipia nini baada ya shahada, tangu asubuhi hadi jioni hufanya kazi gani hasa, na akishatoa nauli na kodi ya chumba hubakiwa na nini. (La mshahara liulizwe kwa adabu, lakini liulizwe.) Anayesoma sheria aende Kisutu akaketi mahakamani siku nzima, kesi husikilizwa hadharani, na ataona jinsi sehemu kubwa ya siku ya wakili inavyopita katika kungoja. Tena yale majuma ya mafunzo kwa vitendo msiyamalizie katika ofisi ya mjomba mkitoa fotokopi na kungojea muhuri. Ombeni kuketi kando ya mtu anayefanya kazi.

Binti yule sasa yumo katika ofisi ya wakili mmoja Kariakoo, anapanga majalada na kupeleka nyaraka mahakamani, huku akidunduliza ada. Mdogo wake anataka kusomea ufamasia. Safari hii, kabla ya fomu kujazwa, mzee amemtuma kwa mfamasia wa mtaani kwao, akaulize.