Joto la Juni Huandaliwa Januari

Mwulize mwanafunzi wa Rongo au Mbita kuhusu misimu minne ya Ulaya. Aghalabu atakutajia yote bila kusita, na kukueleza jinsi theluji inavyofunika mashamba. Kisha mwulize nyumba ya nyanya yake hutayarishwaje kabla ya mvua za Machi. Yamkini atanyamaza.

Kaunti za Migori na Homa Bay hazina theluji, ila zina baridi ya unyevunyevu. Waluo huita kiangazi oro, mvua ndefu chwiri na mvua fupi opon. Chwiri huanza Machi na kushamiri Aprili. Ifikapo Juni na Julai, asubuhi nyingi huwa na mawingu, na nyumba iliyoloa tangu masika huwa haijakauka. Mtoto anayelala kwenye sakafu yenye maji hatapata joto hata akifunikwa mablanketi mawili.

Wazee walilielewa jambo hili barabara: baridi hushindwa kwanza kwa ukavu, kisha kwa moto. Ndiyo maana kazi kubwa ya boma ilifanywa wakati wa oro. Nyasi za kuezekea zilikatwa zikiwa kavu, kwani nyasi mbichi huoza upesi. Nyufa za ukuta zilikandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, zikapata jua la kuzikausha. Mtaro ulichimbwa upande wa juu wa mteremko ili maji yapite kando ya nyumba. Dero, yaani ghala la nafaka, liliinuliwa kutoka ardhini. Kuni nazo zilipasuliwa na kupangwa mahali pasipovuja. Leo mabati yamepunguza adha ya kuezeka kila mara, lakini hupoa haraka usiku. Kwa hiyo dari, hata iwe ya magunia, ina faida yake.

Anayepuuza kazi hizo hulipa baadaye. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na kwa kuwa nje kuna mvua, madirisha hufungwa. Moshi huo huwaongezea watoto wachanga hatari ya homa ya mapafu. Pana hatari nyingine kubwa zaidi: jiko la makaa kuingizwa katika chumba cha kulala na mlango kufungwa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kumwua mtu usingizini. Kila mwalimu na alitamke jambo hili darasani, wala asilitamke mara moja tu.

Hatusemi kwamba mtaro wa boma utazuia kila janga. Mwaka 2024 mafuriko yaliilazimu serikali kuahirisha ufunguzi wa shule nchini kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Wakazi wa Nyatike wanaoishi karibu na mto Kuja wanajua kuwa mto ukivunja kingo, jembe la mtu mmoja halifui dafu. Kingo za mito na njia za maji ni wajibu wa serikali, na haifai kumtwika mwananchi mzigo huo. Hata hivyo, paa linalovuja halingojei bajeti ya kaunti.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nyumbani, na kwamba walimu wana kazi tele. Lakini mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi aweze kutenda, si kukariri tu. Basi kila Januari apewe zoezi la kulikagua boma lao: paa, kuta, mtaro, kuni na ghala. Aulize wazazi majina ya vitu hivyo kwa lugha ya nyumbani, kiwe Kijaluo, Kikuria au nyinginezo, kisha aandike ripoti kwa Kiswahili sanifu. Kwa zoezi hilo moja atajifunza sayansi, jiografia na lugha mbili. Zaidi ya hayo, yatahifadhiwa maneno ambayo, yakisahaulika, ujuzi ulio ndani yake hufifia pia.

Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini anayengoja mawingu ndipo aende kutafuta nyasi za kuezekea, huyo amekwisha kuchelewa.