Jua Likizama, Mwenzako Anakunywa Nini?

Mwezi huu tunavuka maji, tunakwenda kujiachia Unguja!

Kwanza niseme ukweli. Mume wangu aliacha bia, na mimi nikawa naogopa kumwambia tutoke. Nisije nikamtia majaribuni! Wikiendi zetu zikawa kochi na tivii, kila mtu na simu yake. Mwisho nikachoka, tukapanda boti. Masaa mawili hivi kutoka Dar.

Jioni ya kwanza tulienda Africa House, pale Shangani, zamani klabu ya Waingereza. Baa yake ya juu inatazama magharibi, jua linazama baharini huku unaliona. Wahi kabla ya saa 12 jioni upate kiti cha mbele. Mimi nikaagiza waini, yeye soda ya tangawizi. Nikaanza kumwomba radhi, akacheka: "Mamaa, nimeacha bia, sijaacha kutoka na wewe."

Jamani! Miezi yote ile nilimfungia ndani bure.

Usiku tukashukia Forodhani, juisi ya miwa yenye ndimu. Kesho yake The Rock, Pingwe, mgahawa ulio juu ya mwamba baharini. Maji yakitoka unatembea, yakijaa unavushwa kwa boti. Weka nafasi mapema.

Angalizo: Mji Mkongwe vaa kwa heshima, na mchana wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani.

Mwenzako kaacha pombe? Usimwamulie, muulize. Tukutane mwezi ujao!