Tusimwambie mtoto "vumilia" tu



Siku hizi baadhi ya vijana wetu hunyooshwa meno si kwa nyaya, bali kwa vifuniko vya plastiki angavu ambavyo hubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili. Tunalipa fedha nyingi, kisha mtoto akilalamika kuwa anaumia, tunamjibu: vumilia. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Kifuniko kinatakiwa kikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Mtoto anayeumia hukivua na kukificha, na meno hayasogei kama ilivyopangwa.

Maumivu ya siku 2 au 3 za mwanzo ni ya kawaida, kwa kuwa jino linasukumwa. Basi tumsaidie. Kifuniko kipya akivae usiku kabla ya kulala. Tumpikie uji au viazi vya kuponda. Ukingo ukimkwaruza, apake nta ya meno. Akizidi kuumia, arudi kwa daktari, asikikate mwenyewe.

Wakati wa kula, au kunywa chai na soda, akivue. Maji matupu hayana neno. Kisha apige mswaki kabla ya kukirudisha, maana sukari ikifungiwa humo huozesha meno. Akioshe kwa maji baridi, kwani ya moto hukiharibu umbo.

Na sisi wazima tupige mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi. Mtoto hufuata anayoyaona. Meno yaliyonyooka lakini yameoza yana faida gani?