Ramani ya Mahali pa Kila Siku

Mgeni afikaye Bagamoyo na ramani mkononi huongozwa bila taabu hadi Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na magofu ya Kaole. Lakini mwanafunzi atafutaye njia ya shuleni isiyojaa maji wakati wa masika, au bomba lenye maji, aghalabu haambiwi neno na ramani hiyo. Kwa maoni yangu, pengo hilo yafaa lizibwe na wanafunzi wenyewe, tena katika vipindi vya jiografia.

Wenzetu wamekwisha kuthubutu. Ramani huria ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huweza kuandikwa na mtu yeyote aliyejisajili. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao humo. Mwaka 2011 ikafuata Tandale, Dar es Salaam. Na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora kata za jiji hilo zinazokumbwa na mafuriko.

Kazi hiyo yenyewe ni somo. Simu huhitaji ishara za setilaiti zisizopungua 4 ili ikadirie ilipo. Kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, tarakimu ya nne baada ya nukta ya desimali ni sawa na mita 11, na ya tano ni mita moja na ushei. Hata mahali pa wazi simu hukosea kwa mita kadhaa, na kati ya kuta nene za Mji Mkongwe hukosea zaidi. Basi mwanafunzi aandikaye tarakimu 7 anadai usahihi ambao chombo chake hakina. Ufukweni pana mtego mwingine: wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kijia kilichopimwa maji yakiwa yamekupwa huwa njia ya ngalawa saa 6 baadaye. Saa ya kupima nayo iandikwe.

Picha ya setilaiti huonyesha paa. Jina hulijua mwenyeji. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 kiligeuzwa kuwa TaSUBa mwaka 2007, na ramani hiyo ina nafasi ya jina jipya na la zamani pia.

Yatasemwa kwamba shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Simu moja ya mwalimu, dira na kamba iliyopimwa vyatosha. Mengine ni karatasi na miguu.

Lakini siafikiani na wanaotaka kila kitu kiwekwe kwenye intaneti. Ramani ya binafsi ya msichana wa kidato cha pili hutaja nyumba yake, njia apitayo peke yake na saa arudipo jioni. Hayo ni yake, na mtu mwenye nia mbaya akiyasoma hahitaji kuuliza zaidi. Kabla ya kutuma chochote, mwalimu na ahakikishe kwamba nyumba na nyakati hizo zimebaki daftarini, na kilichotumwa ni bomba, zahanati, kituo cha daladala na kivuko cha barabara.