Jina la faili halitoshi, panga data za diski pepe kabla hujajuta

Vijana wengi wanaosomea tarakilishi siku hizi wana mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoishi ndani ya nyingine, diski yake ikiwa faili moja tu. Faili hilo ndilo huitwa imeji. Fungua folda zao utakutana na ubuntu-final.qcow2, ubuntu-final2.qcow2 na, bila shaka, ubuntu-final2-hii-ndio.qcow2. Kwa mtu mmoja hayo ni vichekesho. Kwa watu watano wanaotumia seva moja, ni hatari.

Msimamo wetu: kabla hujaongeza imeji ya tatu, unda jedwali. SQLite inatosha. Kazi ngumu ni kuamua nini kiandikwe humo.

Ukubwa, kwa mfano, ni wa aina mbili. Mashine inaambiwa ina diski ya GB 40, lakini faili la qcow2 hukua kadiri linavyojazwa, hivyo huenda limekula GB 3 pekee. Ukiwa na safu moja iitwayo "ukubwa", utaandika ipi? Andika 3, na siku mashine kumi zitakapoanza kujaza nafasi zao, seva itafurika. Weka safu mbili, zote kwa baiti na kwa nambari kamili. Ukiandika "20GB" kama maneno, kompyuta haiwezi kujumlisha, na hata binadamu hawaelewani: wengine wanamaanisha baiti 20,000,000,000 na wengine 21,474,836,480.

Lakini kizaazaa chenyewe kiko kwenye uzazi. Qcow2 huruhusu faili moja kuwa mtoto wa jingine: mama haguswi, mtoto anahifadhi yaliyobadilika tu. Nafasi inaokolewa sana, hasa kwa laptopu ya GB 256. Sasa mtu anaona faili la mama halijabadilika miezi mitatu, anasema ati hii ni takataka, anafuta. Watoto wote kwisha! Hata kuwasha mashine kwa faili la mama na kuandika ndani yake kunaweza kuwaharibu.

Kwa hivyo weka safu ya mzazi inayoelekeza kwenye rekodi nyingine ya jedwali lilo hilo, kwa nambari ya utambulisho wala si kwa jina la folda, maana folda huhamishwa. Hapo jedwali lenyewe litakataa kufuta rekodi ya mama mwenye watoto. (SQLite haitakataa hadi uiwashie PRAGMA foreign_keys kila unapoiunganisha, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa.) Ufutaji wa faili nao upitie programu inayouliza jedwali kwanza, si rm ya haraka haraka.

Aina ya faili usiisome kwenye mkia wa jina, wala usimwamini aliyelileta. Julai 2024 ilitangazwa kasoro ya CVE-2024-32498 katika OpenStack, programu inayoendesha mawingu ya kompyuta: mtumiaji angeweza kuleta imeji ya qcow2 iliyopangwa kijanja ielekeze kwenye faili la seva yenyewe, kisha asome yaliyomo. Basi andika aina iliyotajwa na mletaji, na kando yake aina iliyogunduliwa baada ya ukaguzi. Zikitofautiana, imeji isiingie. Ikielekeza kwenye faili la nje ambalo hulijui, isiingie pia.

Alama ya SHA-256 iandike kwa imeji za mama pekee. Diski ya mashine inayofanya kazi hubadilika kila dakika, alama yake ya asubuhi haina maana mchana. Bila alama ya mama, ukishuku faili limeharibika utalipakua upya, na bando si bure.

Kwa imeji ulizounda mwenyewe, amri ya qemu-img info --output=json itakupa aina, ukubwa wote wawili na jina la faili la mama, kwa hivyo usijaze kwa mkono. Safu ya "maelezo" wacha iwepo. Ila ikianza kubeba tarehe na jina la aliyeunda imeji, vitoe humo uvipe safu zake.